Urefu Peke Yake Hautoshi: Ulinganisho wa Mbinu za Kupima Mifupa ya Miguu ya Kondoo na Mbuzi

Mchinjaji hahitaji kipimo ili atofautishe mbuzi na kondoo, kwani ana mkia, manyoya na sauti. Mwanaakiolojia huletewa mfupa mtupu, aghalabu kipande tu. Katika eneo la Dongodien, mashariki mwa Ziwa Turkana, wanyama hawa waliacha mabaki yao takriban miaka 4,000 iliyopita. Kwa kuwa mababu zao wa mwituni walikuwa Asia ya Magharibi wala si huku kwetu, mifupa ya aina hii ni ushahidi wa kuingia kwa ufugaji. Aidha, mbuzi hupenda majani ya vichaka ilhali kondoo hutegemea zaidi nyasi. Hivyo kujua ni yupi kati yao kunatueleza mengi kuhusu malisho ya wakati huo. Makala haya yanalinganisha mbinu mbili za upimaji, yakitumia mfupa mmoja: ule mrefu ulio kati ya goti la mbele na kwato.

Mbinu ya kwanza ni kupima urefu wa mfupa mzima na kuuzidisha kwa kizidishi maalumu ili kukadiria kimo cha mnyama begani. Kwa mfupa huu, Teichert (1975) alipendekeza 4.89 kwa kondoo, naye Schramm (1967) 5.75 kwa mbuzi. Tuchukue mfupa wa milimita 120. Ukiwa wa kondoo, kimo ni takriban sentimita 59. Ukiwa wa mbuzi, ni sentimita 69. Tofauti ya sentimita kumi imetokana na jina tulilompa mnyama, si na mfupa wenyewe! Ni dhahiri basi kwamba mbinu hii haiwezi kutangulia utambuzi.

Mbinu ya pili hupima umbo. Ncha ya chini ya mfupa huu ina vifundo viwili, na kila kifundo kina mgongo uliotokeza katikati. Hupimwa unene wa mgongo huo kutoka mbele hadi nyuma, kisha unene wa sehemu ya kando yake, na cha pili hugawanywa kwa cha kwanza. Boessneck na wenzake walilieleza jambo hili katika miaka ya 1960, naye Payne akalishughulikia mwaka 1969. Kwa jumla uwiano wa kondoo huwa mkubwa kuliko wa mbuzi, na mpaka unaotajwa ni takriban asilimia 63. Faida yake kubwa ni kwamba ncha pekee inatosha, hata sehemu iliyobaki ikiwa imevunjika.

Hata hivyo, mbinu hii haivumilii mkono mzembe. Kwa vipimo vya milimita 10 na 16, uwiano ni asilimia 62.5, yaani mbuzi. Taya za kalipa zikikaa vibaya kwa nusu milimita tu tukasoma 10.5, uwiano unakuwa asilimia 65.6, na mbuzi wetu amegeuka kondoo. Kwa maoni yangu, kila kipimo kirudiwe siku nyingine bila kutazama matokeo ya awali. Kwa urefu, ubao wa kupimia wenye ukuta unaosogezwa ni salama zaidi kuliko kalipa, kwa sababu mfupa hulala juu yake pasipo kuinama.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Mwongozo wa von den Driesch (1976) hutofautisha urefu wa juu kabisa na urefu unaopimwa upande mmoja tu wa mfupa. Tukiandika "urefu" bila kutaja ulianzia wapi na kuishia wapi, takwimu zetu haziwezi kulinganishwa na za mwingine.

Mifupa iliyoungua husinyaa, na ya wanyama wachanga huwa ncha zake hazijashikamana na shina. Kwa hiyo haifai kwa vizidishi vya kimo. Tangu mwaka 2010 imewezekana kutambua mbuzi na kondoo kwa protini ya kolajeni iliyomo mfupani. Uchunguzi huo hutaja jina la mnyama, lakini haumpi kimo.