Mtoto Anapoitwa Mahkamani: Somo kwa Wazazi Wenye Mashauri ya Hadhana

Mashauri ya hadhana, yaani ulezi wa mtoto baada ya wazazi kuachana, ni miongoni mwa yale yanayosikilizwa na Mahkama za Kadhi hapa Zanzibar kwa wazazi Waislamu. Wengi wanajua namna ya kufungua daawa. Lililo gumu kwao ni siku mtoto mwenyewe anapotakiwa kufika.

Wapo wanaodhani kwamba kumuuliza mtoto ni jambo geni lililoletwa na mikataba ya kimataifa. Sivyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa visiwa hivi, mama ndiye mwenye haki ya mwanzo ya kumlea mtoto mdogo. Mtoto akifikia umri wa kupambanua, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa miaka 7, huhiyarishwa baina ya wazazi wake, iwapo wote wawili wanafaa kumlea. Minhaji ya Imamu Nawawi inaeleza zaidi ya hapo: mtoto wa kiume akimchagua mama, usiku atalala kwake na mchana atakuwa kwa baba ili amfunze, akimchagua baba, baba hana ruhusa ya kumzuilia kumzuru mama yake. Na akibadili chaguo lake baadaye, huhamishwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto apewe nafasi ya kusikilizwa katika shauri linalomhusu. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, nayo imeyatanguliza maslahi ya mtoto.

Mzazi aelewe kwamba mtoto haitwi kutoa ushahidi dhidi ya baba au mama yake. Kadhi anaweza kumuuliza faraghani, mbali na macho ya wanaogombana, na maswali huwa mepesi: analala wapi, nani humpeleka skuli, nani humuuguza. Kumfundisha mtoto maneno ya kusema ni kosa kubwa, na wala halifichiki. Mtoto wa miaka 8 anapozungumzia malimbikizo ya matunzo, kila aliyemo chumbani anajua nani aliyemtungia. Vivyo hivyo baiskeli mpya iliyonunuliwa usiku wa kuamkia siku ya shauri. Mtoto huyo hurudi nyumbani akiamini kuwa yeye ndiye aliyemshinda mzazi wake mmoja, na mzigo huo hautuliki kwa hukumu.

Kwa upande wa wazazi, wito wa Mahkama haudharauliwi. Asiyefika bila ya udhuru huenda shauri likasikilizwa upande mmoja. Mzazi anayeishi Pemba na shauri lake liko Unguja asitegemee boti ya asubuhi ya siku ile ile. Avuke siku moja kabla. Achukue cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hati ya talaka na, kama mtoto anasoma, taarifa ya skuli. Asije na ukoo mzima. Shangazi na wajomba wanaorushiana maneno barazani, huku mtoto amesimama katikati yao, hawamsaidii mtu.

Jambo jengine linalochanganywa mno ni matunzo na hadhana. Baba asiyetoa matunzo hudaiwa kwa njia yake. Mama hana ruhusa ya kumficha mtoto kwa sababu hiyo. Na baba aliyenyimwa kumuona mtoto hana ruhusa ya kukata chakula chake. Kila mmoja apeleke malalamiko yake kwa Kadhi.

Amri ya hadhana si ya milele. Mama akiolewa na mume asiyekuwa jamaa wa mtoto, mzazi akihama kisiwa, au mtoto akiugua, upande wowote unaweza kurudi Mahkamani kuomba amri iangaliwe upya. Hadi hapo amri iliyopo inafuatwa, hata na yule isiyompendeza.