Kufundisha Juu ya Msumari: Je, Maseremala Wangali Wakipiga Nyundo?

Miongoni mwa maswali ambayo wanachuo wetu hukutana nayo wanapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, yako yanayoonekana mepesi hata mwalimu huyajibu kabla hajayafikiri. Mojawapo ni hili, ambalo watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi huliuliza mara waanzapo somo la vifaa vya useremala: je, maseremala wa siku hizi wangali wakitumia misumari ya kupigwa kwa nyundo? Maandalio ya masomo tuliyoyasoma aghalabu hulijibu kwa jedwali. Upande mmoja wa ubao huandikwa "Zamani", na upande wa pili "Siku hizi". Chini ya neno la kwanza huwekwa msumari, nyundo na koleo. Chini ya neno la pili huwekwa skrubu, gundi na mashine za umeme. Watoto hunakili, kengele hulia, na mwalimu hurudi ofisini akidhani kwamba somo limefanikiwa.

Sisi hatulipendi jedwali hilo. Kwanza, lasema jambo lisilo kweli. Mtoto anayelinakili amepita asubuhi ile ile karibu na karakana ya fundi, na sauti ya nyundo ameisikia kwa masikio yake. Ikiwa baba yake au mjomba wake ni fundi wa mapaa, basi mwalimu amemwambia mbele ya wenzake kwamba kazi inayomlisha ni ya zamani. Mtoto huyo hana budi kuchagua mojawapo: ama asimwamini mwalimu, ama aanze kuidharau kazi ya mzee wake. Pili, jedwali hilo laficha jambo lenyewe lenye elimu, yaani sababu inayomfanya fundi mmoja, katika siku moja, apigilie msumari hapa na akatae kuupigilia pale.

Kabla hajaingia darasani, mwalimu yampasa aijue misumari yenyewe. Iko ya aina tatu kwa jinsi ilivyotengenezwa. Wa kwanza ni msumari uliofuliwa na mhunzi, mmoja mmoja, kwa moto na nyundo. Una pembe nne, hupungua unene kuelekea nchani, na kichwa chake hubeba alama za nyundo. Wa pili ni msumari uliokatwa kwa mashine kutoka katika bamba la chuma. Mashine za kazi hiyo zilianza kuenea Marekani na Uingereza mwishoni mwa karne ya 18. Wa tatu ni msumari wa waya, ambao ulishika nafasi ya kwanza mwishoni mwa karne ya 19. Huu ndio tunaoununua dukani kwa kilo, na kuutaja kwa inchi: wa inchi mbili, wa inchi tatu, wa inchi nne. Watoto na wapewe msumari mmoja mmoja wa namna hii wautazame kwa makini. Wataona chini ya kichwa mistari midogo ya kukwaruza. Hiyo ni alama ya meno ya mashine yaliyoushika waya wakati kichwa kikipondwa. Ncha yake nayo imekatwa pande nne. Tumegundua kwamba dakika tano za kutazama hivyo huzaa maswali mengi kuliko nusu saa ya maelezo.

Mwalimu apendaye hadithi anaweza kuwasimulia watoto juu ya walowezi wa Virginia, Marekani, katika karne ya 17. Misumari iliyofuliwa kwa mkono ilikuwa ghali kiasi kwamba mtu aliyehama aliweza kuichoma nyumba yake ili aiokote misumari katika majivu, hata ikabidi itungwe sheria ya kuwazuia watu wasifanye hivyo. Watoto ambao kwao hunyoosha misumari ya zamani juu ya jiwe ili itumike tena watalielewa jambo hili bila taabu yoyote.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Jibu lake hutegemea ni seremala yupi, na kazi ipi.

Tuanze na fundi wa vyombo vya baharini, maana hapa ndipo ajabu ilipo. Matondoni katika kisiwa cha Lamu, Kizingitini katika kisiwa cha Pate, na Nungwi katika kisiwa cha Unguja, majahazi na mashua huundwa kwa mkono. Mbao hupigiliwa juu ya mataruma kwa misumari mirefu. Fundi hatwangi msumari huo moja kwa moja katika mti. Hutoboa tundu kwanza kwa keke, jembamba kuliko msumari, kisha huzungushia shingo ya msumari nyuzi za pamba zilizolowa mafuta, ndipo apige. Nyuzi hizo hujaza nafasi chini ya kichwa, maji yasipenye. Mtoto akiuliza kwa nini fundi hufanya kazi mara mbili badala ya mara moja, mwalimu asimjibu upesi; swali hilo litajibiwa na ubao wenyewe, kama tutakavyoona.

Tena, katika pwani yetu msumari wa chombo ndio uliokuwa mgeni. Kitabu cha safari za baharini kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1 kinataja vyombo vya kushonwa katika bandari ya Rhapta, na kueleza kwamba jina la bandari hiyo limetokana na kushonwa huko. Mtepe wa visiwa vya Lamu uliendelea kushonwa kwa kamba za makumbi hadi karne ya 20, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Wala si pwani tu: mitumbwi mikubwa ya Sese katika Ziwa Nyanza, upande wa Buganda, nayo ilikuwa ya mbao zilizoshonwa. Kwa hiyo mwalimu aliye bara asidhani kwamba habari hii haimhusu. Tazameni jinsi mpangilio wa jedwali letu unavyopinduka: katika chombo cha baharini, msumari ndio "siku hizi", na kamba ndiyo "zamani".

Fundi wa mapaa naye hana shida na swali letu. Kenchi za nyumba nyingi katika nchi zetu hupigiliwa misumari ya inchi tatu, nne na tano, kwa nyundo na mkono. Na mabati hushikwa kwa misumari yake yenyewe yenye vichwa vipana. Katika nchi zenye viwanda vikubwa, mashine zinazosukuma misumari kwa nguvu ya hewa zimekuwako tangu miaka ya 1950, na huko mjenzi wa nyumba za mbao huenda akamaliza siku nzima bila kuinua nyundo mara nyingi. Hata hivyo, kinachoingia katika ubao ni msumari vilevile. Kilichobadilika ni nguvu inayousukuma.

Kwa fundi wa samani hali ni nyingine, na hapa yafaa mwalimu akae kitambo. Mwambieni fundi mzuri aunganishe mguu wa kiti na ubao wake wa pembeni kwa msumari peke yake, naye atakataa. Atachonga ulimi katika ubao na tundu katika mguu, atie gundi, abane, na pengine apige kigingi cha mti. Msumari atautumia nyuma ya kabati, au kushikilia vipande vidogo vya urembo. Sababu si ushamba wala usasa. Msumari hushika kwa kuwa nyuzi za mti zimesukumwa kando nazo zinaubana. Una nguvu nzuri ya kuzuia mbao mbili zisiteleze, moja juu ya nyingine. Lakini hauna nguvu kiasi hicho mbao zinapovutwa zitengane. Kiti hutikiswa mbele na nyuma kila siku. Kila kutikiswa hulegeza kidogo zile nyuzi, mpaka msumari hucheza kama jino bovu.

Katika paa mzigo hukandamiza, na misumari kadhaa hugawana kazi. Ndiyo maana nyundo haijaondoka huko. Skrubu, ambazo wazee wa pwani huziita parafujo, zina meno yanayoshika nyuzi, na kwa hiyo hufaa pale panapovutwa au panapohitaji kufunguliwa tena, kama vile bawaba za mlango.

Haya yote mwalimu aweza kuyasema kwa maneno, na watoto wakayasahau kabla ya Ijumaa. Twapendekeza majaribio matatu. Vifaa ni mabaki ya mbao laini, kama msonobari, misumari ya inchi mbili, nyundo mbili au tatu, na koleo.

Jaribio la kwanza ni la nyuzi. Mtoto apige msumari nusu inchi katika ubavu wa ubao, kisha mwingine kwa kina kile kile katika kichwa cha ubao, yaani pale palipokatwa na msumeno, ambapo nyuzi huonekana kama vijitundu. Mtoto huyo huyo aing'oe yote miwili kwa koleo. Ule wa kichwani hutoka kwa urahisi zaidi, kwa kuwa umeingia kati ya nyuzi badala ya kuzivuka. Wako walimu ambao hutundika ndoo ya mchanga katika msumari ili kupima uzito; sisi hatuwashauri, maana ndoo ikianguka huangukia miguu ya watoto. Mkono wa mtoto ni mizani ya kutosha kwa somo hili.

Jaribio la pili ni la kupasuka. Karibu na mwisho wa ubao mwembamba, mtoto mmoja apige msumari wenye ncha kali. Mwingine auweke msumari wake kichwa chini juu ya jiwe, aigonge ncha mpaka iwe butu, kisha aupige mahali panapofanana. Watoto wengi watabashiri kwamba ncha kali ndiyo salama. Waacheni wabashiri, na ubashiri wao uandikwe ubaoni. Ncha kali huingia kama kabari na kuzitanua nyuzi. Ncha butu huzikata na kuzisukuma mbele. Ubao hautapasuka kila mara, kwani miti hutofautiana, kwa hiyo jaribio lirudiwe mara kadhaa na matokeo yahesabiwe. Kisha msumari wa tatu upigwe katika tundu lililotobolewa kwanza. Hapo ndipo darasa litakapojijibia lile swali juu ya keke ya fundi wa jahazi.

Jaribio la tatu ni la urefu. Kanuni ya mafundi ni kwamba msumari uwe na urefu wa karibu mara tatu ya unene wa ubao unaopigiliwa: ubao wa inchi moja, msumari wa inchi tatu. Watoto waunganishe vipande kwa msumari mfupi na kwa msumari unaostahili, kisha wavitenganishe. Ni somo la hesabu pia, wala halihitaji kipindi cha pekee.

Juu ya usalama hatutasema mengi, ila haya hayana mjadala. Misumari ihesabiwe inapotolewa na inaporudishwa. Anayeanza kupiga aushike msumari kwa koleo, au auchomeke katika kipande cha karatasi ngumu, badala ya kuushika kwa vidole. Mtoto aliyechomwa na msumari mguuni apelekwe zahanati siku ile ile, hata kama damu ni kidogo. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, na tundu jembamba lenye kina ndilo wanalolipenda. Msumari unaong'aa kwa upya wake waweza kuviingiza sawasawa na wenye kutu.

Baada ya majaribio, ndipo watoto waende kwa fundi. Tunasema baada, kwa sababu mtoto ambaye hajawahi kupasua ubao hana la kuuliza. Mwalimu amtembelee fundi mapema, amwombe saa ambayo haitamharibia kazi, na awakumbushe watoto kuamkia kabla ya kuuliza. Maswali yatayarishwe darasani. Swali la "Je, fundi, unatumia misumari?" halifai, atajibu "Ndiyo", na mazungumzo yatakufa hapo. Afadhali waulize: "Ni wapi katika kabati hili hukupiga msumari, na kwa nini?" Au: "Mti upi hukataa msumari mpaka utobolewe?" Fundi aliyezoea mninga au mvule atakuwa na mengi ya kusema hapo. Ikiwa atatoa sababu isiyolingana na ile ya kitabuni, mwalimu asimsahihishe mbele ya watoto. Irudishwe darasani, na itafutiwe jaribio.

Kipindi cha mwisho kifanyike juu ya madawati ya darasa lenyewe. Hapa ndipo elimu hii inapolipa gharama yake, kwani dawati lililovunjika ni watoto watatu sakafuni. Watoto wagawanywe katika makundi, kila kundi lipewe chaki na madawati mawili. Kila kiungo kilicholegea kiwekewe alama, na kando yake waeleze kwa maneno machache: msumari umeingia kichwani mwa ubao, misumari miwili imepigwa katika mstari mmoja wa nyuzi, ubao ukapasuka, msumari ni mfupi, mbao zilikuwa mbichi, zikakauka na kusinyaa. Viungo vingi vitaangukia katika mojawapo ya sababu hizo. Kisha kila kundi lichague kiungo kimoja, lisema lingekitengeneza kwa njia gani, kwa msumari, kwa skrubu, au kwa ulimi na tundu, na mwalimu alipeleke shauri hilo kwa fundi alitazame kabla mtu yeyote hajashika nyundo.