Kuandika Majina ya Mahali Katika Historia ya Familia

Familia nyingi huanza kutafuta historia ya ukoo wakati haja imekwisha kubisha hodi: mirathi iko mbele ya Kadhi, au shamba la babu lina wadai wawili. Hapo karatasi moja husema marehemu alizaliwa Kisauni, nyingine Nyali, na ya tatu Freretown. Asiyeijua familia hiyo anaweza kudhani ni watu watatu, ilhali nyumba ni ileile.

Hati zote tatu zaweza kuwa sahihi. Frere Town ilianzishwa mwaka wa 1875 na wamishonari wa CMS kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, ikapewa jina la Sir Bartle Frere. Wenyeji, kwa sababu ya kengele iliyotundikwa pale, walipaita Kengeleni. Eneo hilo lilikuwa katika eneobunge la Kisauni hadi Nyali ilipojitenga kwa uchaguzi wa 2013. Jomvu nayo ilitoka Changamwe wakati huohuo, hivyo babu wa Miritini huandikwa wa Changamwe na mjukuu wake wa Jomvu.

Kwa hiyo kila jina liandikwe mara mbili. Kwanza linakiliwa kama lilivyo kwenye hati, hata likiwa limekosewa, pamoja na mwaka wa hati. Kisha linaandikwa kwa mpangilio usiobadilika, kuanzia padogo kwenda pakubwa: mtaa, wadi, kaunti ndogo, kaunti, nchi. Tuseme cheti cha 1958 kinasema “Mtongwe, Wilaya ya Mombasa, Mkoa wa Pwani”. Maneno hayo yabaki, na chini yake iandikwe: Mtongwe, Wadi ya Mtongwe, Kaunti Ndogo ya Likoni, Kaunti ya Mombasa, Kenya. Mkoa wa Pwani usifutwe. Ndio utakaomwongoza mtafiti kwenye majalada ya zamani. Hati za kabla ya Desemba 1963 huenda zikataja Himaya ya Kenya badala ya Koloni, kwa kuwa ukanda wa pwani ulihesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar. Hilo si kosa la karani.

Neno “Mombasa” peke yake halitoshi. Laweza kuwa kisiwa, mji, wilaya ya zamani au kaunti nzima. Magongo iko Changamwe, Magogoni iko Kisauni, na mwandiko mbaya huzigeuza kuwa moja. Mikindani ya Jomvu ina wajina wake Mtwara, Tanzania. Majengo ndiyo usiseme: karibu kila mji una yake.

Wazee huulizwa mapema, tena ikiwezekana wakiwa pale pale mahali. Mzee akisema “kwa mbuyu”, aulizwe mbuyu ulikuwa upande gani wa barabara, karibu na msikiti au kisima gani, kisha jibu liandikwe kwa maneno yake, pamoja na tarehe ya mazungumzo.

Hati za ardhi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zinahitaji msomaji anayezijua. Waandishi wengi walitumia herufi ya “sh” kwa “ch”, na ya “f” kwa “v”, hivyo mgeni anaweza kusoma “Shangamwe” na “Jomfu”. Picha ya hati ihifadhiwe pamoja na usomaji, ili atakayekuja baadaye aweze kuisoma upya.