Mlo wa Vuli Katika Nyumba ya Ndoa

Leo tuingie jikoni. Akina baba msicheke. Ugomvi mwingi ninaoitwa kusuluhisha haukuanzia chumbani, ulianzia kwenye sufuria.

Mimi mwenyewe ni shahidi. Mwaka wetu wa kwanza hapa Galbet, mvua za vuli zilipoanza, nilimwambia mke wangu kwamba siku ya kukumbuka ndoa yetu nataka nyama ya nguruwe ya kuoka na nanasi, kama tuliyokula bara siku ya harusi. Ningeileta mwenyewe kwa basi, ndani ya mkoba. Akakataa. "Baba Maria," akasema, "ukuta wetu na wa jirani ni mmoja. Mama huyo ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua, na mtoto wake hula sahani moja na Maria. Kesho nitampakulia nini kutoka sufuria hiyo?" Nikajibu kwa kiburi kwamba nyumba ni yangu na dini yangu hainikatazi. Siku tatu hatukusemezana.

Ni kweli, dini yetu haikatazi. Lakini Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya nyama, hakutazama ruhusa peke yake, alitazama pia ndugu anayekwazwa. Nami nilisahau kwamba wa kwanza kukwazwa alikuwa mke wangu. Yeye ndiye anayeshinda uani na majirani, si mimi. Basi, bwana, kabla hujaagiza chakula, muulize mwenzako kitamgharimu nini.

Siku ya nne nilikwenda buchani nikanunua mguu wa mbuzi. Garissa ni mji wa mifugo, na matunda hulimwa kando ya Mto Tana: papai, ndimu, ndizi, na maembe msimu ukifika. Tende zimejaa madukani. Tulipika hivi, mimi nikipepea makaa.

Chukua mguu wa kilo moja na nusu, uutoboe kwa kisu. Paka chumvi, tangawizi, kitunguu saumu, maji ya ndimu mbili, na kijiko kimoja cha papai bichi lililopondwa. Papai hulainisha nyama ngumu, lakini usiiache zaidi ya saa moja. Ikilala nalo usiku kucha itakuwa kama uji. Ikaange pande zote katika sufuria nzito, tia vitunguu viwili na vikombe viwili vya maji, funika. Weka makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, kama wapikao mkate wa sinia. Baada ya saa mbili hivi, nyama ikianza kuachana na mfupa, ongeza tende kumi zilizotolewa kokwa, embe moja lililoiva lakini bado gumu, na vijiko viwili vya maji mazito ya ukwaju. Dakika ishirini zatosha. Ukiyatia matunda mapema yatavurugika, na sukari yake itaungua. Divai msitie, hata kidogo, kama mnataka kumgawia jirani.

Na sahani ya kwanza ilikwenda kwa jirani, kwa kuwa nyama ilikuwa ya halali na sufuria ilikuwa safi.

Wale mtakaokwenda likizo bara, nguruwe na nanasi ni chakula kizuri. Tumieni nyama ya bega yenye mhuri wa mkaguzi, na muipike mpaka wekundu wote uishe ndani, kwa sababu ya minyoo ya tegu. Nanasi bichi nalo hulainisha nyama kama papai, kwa hiyo litieni mwishoni.

Jambo moja zaidi, akina baba. Katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, Papa Fransisko alikumbusha wanandoa maneno matatu: naomba, asante, samahani. Mimi nililianza la tatu, tena kwa kuchelewa, huku nimeshika kipepeo na moshi machoni. Mke wangu alisema ni moshi unaoniliza. Sikubisha.

Na kama hamna friji, pikeni ya jioni moja tu. Kwa joto la hapa, mabaki hayafiki asubuhi.