Somo la Mwezi: Ni Nani Apumzikaye Nyumbani Mwako?

Kwanza soma Kutoka 5, Kumbukumbu la Torati 5:12-15, 1 Wafalme 19:1-18 na Marko 6:30-46.

Kila alimaye kwa maksai ajua kwamba ng'ombe hafanyi kazi kutwa. Hufungwa nira alfajiri, na jua likishakuwa kali hufunguliwa, apelekwe majini na kivulini. Anayewalazimisha maksai wake mpaka alasiri huyaona matokeo kwa macho yake: mistari ya jembe yapinda, shingo zafanya vidonda, na kabla ya msimu kufika nusu mnyama mmoja amelala chini hataki kuamka. Hakuna amwitaye ng'ombe yule mvivu. Lakini mtu akisema amechoka, hasa akiwa mama wa nyumba au msichana wa kazi, upesi twamjibu kwamba kazi mbaya si mchezo mwema.

Tuitazame amri yenyewe. Katika Kumbukumbu la Torati amri ya siku ya saba haiishii kwa mwenye nyumba. Yawataja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, hata mgeni akaaye nao. Tena yaeleza shabaha yake waziwazi, ya kuwa watumishi wapate pumziko lile lile alipatalo bwana wao. Wengine huuliza mbona mke hakutajwa. Amri yasemwa na mtu aitwaye "wewe", na neno hilo lamhusu mke kama limhusuvyo mume. Haielekei kabisa kwamba Mungu amkumbuke punda, akamsahau mama.

Katika Kutoka sura ya 20 sababu ya pumziko ni uumbaji: Mungu mwenyewe alipumzika. Hapa sababu ni Misri. Waisraeli waliambiwa wakumbuke kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa. Mtaona uzito wa neno hili mkisoma Kutoka 5. Musa na Haruni walimwomba Farao ruhusa ya safari ya siku tatu watu wakamwabudu Mungu jangwani. Farao alijibu kwamba watu hao ni wavivu, akakataza wasipewe majani ya kufyatulia matofali, na hesabu ya matofali ikabaki ile ile. Kwa Farao, aombaye nafasi ya kutua ana kazi chache mno, hivyo aongezewe. Basi taifa lililotoka katika mikono ya namna hiyo lilikatazwa lisije likawa na akina Farao wadogo majumbani mwake.

Labda mtu atasema: vema, kila mmoja na apumzike kwa zamu, kazi isisimame. Jambo hilo limekwisha jaribiwa. Mwaka 1929 serikali ya Urusi ya Kisovieti iliondoa juma la siku saba katika viwanda, ikaweka juma la siku tano. Wafanyakazi waligawanywa makundi matano, kila kundi na siku yake ya kupumzika, ili mashine zisisimame hata siku moja. Kwa hesabu ya siku, watu walipata pumziko mara nyingi kuliko zamani. Lakini mume alikuwa na siku yake na mke ya kwake, na rafiki hawakuonana. Mashine nazo, kwa kukosa nafasi ya kutengenezwa, ziliharibika. Mwaka 1931 wakabadili wakaweka juma la siku sita, na mwaka 1940 wakarudia juma la siku saba, Jumapili ikiwa siku ya mapumziko. Mimi naona hapo pana fundisho kubwa kuliko mahubiri mengi, kwani waliofanya jaribio hilo hawakuwa na nia ya kulisaidia Kanisa! Pumziko la mtu mmoja mmoja, kila mtu kivyake, ni nusu ya pumziko.

Sasa tutazame Jumapili yetu. Mama aamka kabla ya jogoo wa pili, ateka maji, apika chai, apiga pasi nguo za watoto, afika kanisani akiwa amekwisha fanya kazi ya nusu siku. Baada ya ibada kuna mnada, kisha kikao cha chama cha akina mama, na mara nyingi kamati ya ujenzi hukutana siku hiyo hiyo kwa kuwa ndiyo siku watu wapatikanapo. Akirudi nyumbani akuta wageni wamekaa barazani wakingoja pilau. Baba ajilaza kidogo. Vijana wamekwenda mazoezi ya kwaya. Jioni mama ahesabu vyombo vya kuosha. Kwa haki yatupasa kusema kwamba sehemu ya mzigo huu ni ya parishi yenyewe. Baraza la parishi laweza kupanga vikao siku nyingine, au kuviweka Jumapili moja tu katika mwezi na kuziacha nyingine wazi.

Na yule msichana wa kazi? Huyo mara nyingi haonekani hata kanisani, maana aachwa aangalie sufuria na mtoto mdogo. Hapa sheria za nchi zimetangulia mbele ya Wakristo wengi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ya Tanzania Bara, yampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila juma. Nao mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliokubaliwa mwaka 2011, wahusu wafanyakazi wa nyumbani hasa, wataka wapewe pumziko la saa 24 mfululizo kila juma. Saa hizo si fadhili ya mwajiri, wala asitazamiwe kuzilipa kwa kufua usiku wa Jumamosi.

Mkiisha kupata nafasi hiyo mtaitumiaje? Hapa Eliya atusaidia sana. Alikuwa ametoka katika ushindi mkubwa wa Karmeli, na siku chache baadaye yuko jangwani chini ya mretemu akiomba afe. Angalieni Mungu alianza wapi. Hakumkemea, wala hakumpa somo. Alimwacha alale. Malaika akamwamsha ale mkate na kunywa maji, naye akala akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala. Ndipo akapata nguvu za kwenda siku arobaini mpaka Horebu. Kule mlimani, tumbo likiwa limeshiba na usingizi umekwisha, ndipo alipoulizwa, tena mara mbili, afanya nini mahali pale. Swali kama hilo lingemvunja moyo kabisa kama angaliulizwa chini ya mti. Na baada ya kutafakari alipewa kazi mpya, pamoja na mtu wa kumsaidia, yaani Elisha. Wengi wetu twataka kutafakari maisha yetu usiku wa manane tukiwa hoi, tukaishia kukata tamaa.

Bwana Yesu naye aliwachukua mitume mahali pa faragha kwa sababu hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Makutano wakawatangulia. Hakuwafukuza, aliwafundisha akawalisha. Lakini jioni aliwaaga watu, akapanda mlimani peke yake kusali. Pumziko lililokatizwa aliliahirisha kwa saa chache tu. Ndivyo ifaavyo kwetu wageni wakitufikia: tuwapokee, kisha wote wainuke wakaoshe vyombo, wanaume nao.

Katika vikundi vya nyumbani zungumzeni haya: Jumapili iliyopita, ni nani nyumbani kwenu aliyekaa chini kwa saa moja bila kuitwa? Msichana wa kazi ana siku gani, naye mwenyewe aijua? Kati ya vikao vyetu vya Jumapili, ni kipi tuanze kukiondoa? Majibu ya swali la mwisho mpeni katibu wa baraza kwa maandishi kabla ya kikao kijacho.