Somo: Ujira wa Mchimbaji

Wapendwa, wengi wetu tuliokimbia Masisi na Walikale tunayajua machimbo. Koltani ya Rubaya huingia ndani ya simu. Kasiteriti ya Bisie hutoa bati la kuunganishia nyaya za mashine. Miaka ya 2000 wabebaji wa Bisie walipita msituni kwa miguu, gunia mgongoni, na wenye silaha wakawatoza ushuru.

Tusome Kumbukumbu la Torati 24:14-15. Mungu anaagiza kibarua maskini alipwe siku ileile kabla ya jua kutua, awe ndugu au mgeni. Tusimame hapo kwa mgeni. Ndiye deplase, anayepunjwa kwa sababu hana shamba wala wa kumtetea. Ndugu zetu Waislamu nao wamefundishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

Kufunga machimbo tu si haki. Serikali ilipoyasimamisha kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, familia nyingi zilikosa hata chakula.

Wakubwa wa kambi na wa vijiji, tujadiliane: gunia linapopimwa, mchimbaji mwenyewe yupo? Na mjane wa aliyefukiwa shimoni hupewa nini?