Ekzosi Inapocheza: Mwongozo kwa Madereva na Mafundi wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Sailensa mpya ikianza kulegea wiki chache baada ya kufungwa, wengi hukimbilia kukaza klampu. Hutulia siku mbili tatu, kisha mlio ukarudi. Hukazwa tena, mpaka paipu yenyewe ikaminyika na kuwa haifai. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya dereva wa matatu, wa teksi au wa gari la mizigo aliyefungiwa ekzosi isiyotoka kiwandani pamoja na gari, na kwa ajili ya fundi anayeletewa kazi hiyo. Kazi ya klampu ni kushika paipu mbili zilizokwisha kuoana. Mwanya hauzibwi kwa spana.

Asili ya mwanya mara nyingi ni vipimo vya dukani. Paipu ya ekzosi hutajwa kwa upana wake wa nje: ukiambiwa inchi mbili, ni milimita 50.8 kutoka ukingo hadi ukingo. Paipu ya maji ya duka la hadiwea ina hesabu nyingine. Inayoitwa inchi moja na nusu ina milimita 48.3 kwa nje, na inayoitwa inchi mbili ina 60.3. Dereva akitumwa hadiwea akanunue "ya inchi mbili", atarudi na kitu kisichooana na sailensa yake, na fundi asiyetaka kumrudisha atajaza pengo kwa bati la mkebe. Bati hilo huungua na kupasuka, kisha ekzosi ikaanza kucheza.

Pwani yetu nayo ina sehemu yake. Hewa ya chumvi hula chuma cha kawaida kwa nje, na maji hukila kwa ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji, ambayo hutoka yakiwa mvuke. Safari ikiwa ndefu, ekzosi hupata moto na mvuke wote huondoka. Gari linalofanya safari fupi fupi, mathalani kutoka Mtongwe hadi kivukoni Likoni na kurudi, haliwahi kupata moto wa kutosha. Maji hubaki ndani ya sailensa na kuozesha mishono. Kwa hiyo, kabla ya kulaumu klampu, gongagonga paipu kwa mpini wa bisibisi. Ikitoa sauti nzito, iliyofifia, au ikimomonyoka kutu, kata sehemu hiyo yote. Huwezi kuunga chuma kilichooza.

Kuna jambo la kupewa uzito kuliko kelele. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Gari likiwa mwendoni, moshi unaovuja hupeperushwa nyuma. Gari likisimama na injini inanguruma, kama kwenye foleni ya feri au msongamano wa Changamwe, moshi hukusanyika chini ya sakafu na kupenya kwenye matundu ya nyaya na mipira iliyochakaa. Abiria wakilalamika kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu, na wakapata nafuu wakishuka, usiseme ni joto. Zima injini, fungua milango, watoe watu kwenye hewa safi, na aliyelegea au kupoteza fahamu apelekwe hospitali mara moja. Gari hilo lisibebe mtu tena mpaka litengenezwe.

Kutafuta panapovuja, anza kazi injini ikiwa imezimwa na ni baridi. Angalia kila kiungo kwanza: alama nyeusi ya masizi huonyesha moshi unapotokea. Kisha washa injini, mtu avae glovu nene na azibe mdomo wa nyuma kwa kitambaa kilichokunjwa kwa sekunde chache tu, huku mwingine akisikiliza pembeni. Panapotoa mluzi ndipo. Mwanya mdogo unatafutwa kwa maji ya sabuni: zima injini, puliza hewa ya kompresa ya msukumo mdogo kupitia mdomo wa nyuma, na utazame mapovu. Mwanya ulio karibu na injini, kabla ya sensa ya oksijeni, ushughulikiwe wa kwanza. Moshi hutoka kwa mapigo, na baina ya pigo na pigo hewa ya nje hufyonzwa ndani. Sensa huona oksijeni nyingi, kompyuta ya gari hudhani petroli haitoshi, ikaongeza. Dereva hulipa tofauti hiyo kila siku kwenye kituo cha mafuta bila kujua sababu.

Gari lisiinuliwe kwa jeki peke yake. Ardhi ya Likoni na sehemu nyingi za Kisauni ni mchanga, na jeki huzama au kuteleza. Weka ubao mpana chini yake, zuia magurudumu kwa mawe, kisha ulaze gari juu ya stendi. Subiri ekzosi ipoe kabisa.

Sasa pima. Asiye na kalipa atumie uzi: uzungushe kwenye paipu mara moja, unyooshe kwenye rula, kisha gawanya kwa 3.14. Uzi wa milimita 140 ni paipu ya inchi moja na robo tatu; wa milimita 160 ni ya inchi mbili. Paipu ya inchi mbili yenye unene wa milimita 1.5 ina nafasi ya 47.8 ndani. Ukiingiza ile ya 44.5, unabaki na pengo la zaidi ya milimita 3, ambalo hakuna klampu ya kulimaliza. Tafuta bushi ya chuma, yaani kipande cha paipu kinachojaza pengo hilo, au paipu ya kipimo sahihi. Pengo linalovumilika ni la nusu milimita hivi, yaani paipu iingie kwa kusukumwa na kuzungushwa kwa mkono. Iingie ndani sentimita 4 hadi 5. Paipu inayotoka upande wa injini ndiyo iingie ndani ya inayofuata, ili moshi usigonge ukingo. Simenti ya ekzosi inayouzwa kwa mkebe hufaa kupakwa kwenye kiungo kilichooana tayari, na si kujaza tundu.

Ning'iniza ekzosi nzima kwanza, nati zote zikiwa legevu. Raba zilizopasuka zibadilishwe. Waya unaofungwa badala ya raba hupeleka mtetemo wote kwenye mshono na kuukata. Hakikisha paipu iko mbali na mipira ya breki, tangi na nyaya kwa vidole viwili au zaidi, kisha kaza kuanzia mbele kwenda nyuma. Ukianza nyuma, paipu hukazwa ikiwa imepinda, na gari likikanyaga tuta la kwanza kiungo hufunguka. Gasketi za flenji ziwe mpya. Fleksi, ile paipu ya kunyumbuka karibu na injini, isichomelewe ikawa ngumu: injini hutikisika, na kitakachokatika baada yake ni manifoldi, ambayo bei yake ni kubwa zaidi.

Ikibidi kuchomelea, tenganisha waya hasi wa betri na uweke klampu ya ethi karibu na mshono, ili umeme usipite kwenye kompyuta wala beringi. Paipu ya maji iliyopakwa zinki isichomelewe kabla zinki haijasagwa yote pande mbili. Moshi wake humletea mchomeleaji homa, baridi na kifua kubana usiku huohuo. Nawasihi sana mafundi katika hili, kwa maana wengi huchukulia homa hiyo kuwa malaria. Kizima moto kiwe mkononi, na petroli isiwepo karibu.

Ekzosi inayopiga kelele au kuning'inia humweka dereva matatani pia. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari barabarani liwe katika hali isiyohatarisha wengine, na kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mtetemo zinagusa magari vilevile.

Baada ya kazi, washa injini dakika kumi na urudie kipimo cha kitambaa. Chuma kikipata moto na kupoa mara kadhaa, nati hulegea kidogo, kwa hiyo gari lirudishwe gerejini baada ya wiki moja likazwe mara nyingine, likiwa baridi. Fundi aandike vipimo vya paipu kwenye risiti, upana wa nje na unene, na mwenye gari aiweke pamoja na karatasi za bima.